Korongo Wetu wa Jumamosi

Nyumbani, ghorofa ya tatu,
juu ya duka la vioo.
Jumapili jioni, kiangazi kikielekea ukingoni.

Mpendwa mwanangu, Chiriku wetu,

Pokea salamu tele za mama yako mdogo, na baada ya salamu nataka kujua hali yako. U mzima? Kile kifua kimepoa? Na baba watoto, bado wanampa zamu za usiku? Wanangu wanakula vizuri? Nakuuliza yote kwa mpigo kwa sababu kwenye simu huwa unawahi kuniuliza wewe, na mimi nikishika simu akili inaruka. Ya maana nayakumbuka nikishakata. Ndiyo sababu nimeshika kalamu. Kalamu inanisubiri.

Sisi hapa ni wazima kwa rehema za Mungu. Wazima wa kuchoka, lakini wazima. Leo nimetoka ibadani, nikavua viatu mlangoni, nikaketi jikoni nipumzike kidogo kabla ya kuosha vyombo. Nimekuja kuamka jua limeshahamia ukuta wa pili, na baba yako mdogo ameviosha mwenyewe. Ukisikia mwanamume yule ameosha vyombo bila kuambiwa, ujue mkewe amekuwa wa kutisha.

Kazini ni yale yale, nguo za hospitali. Mashine ya kukamulia imeharibika tena, shuka zinatufikia zikiwa nzito kama zege, na joto la mle ndani mwezi huu sikuambii. Mwenzangu niliyekuwa nikikunja naye miaka yote amestaafu. Nimepewa msichana mgeni. Kukunja shuka kunataka watu wawili wanaosikilizana: mnavuta, mnakutana katikati, anakupa pembe zake, mnaachana. Huyu ana haraka, ananifikia kabla sijamfikia, shuka inakwenda mshazari, tunaanza upya. Simlaumu, atajifunza. Ila ikifika Ijumaa jioni niko hoi bin taabani, miguu nahisi nimeazima.

Sasa swali lako. Usidhani nimelisahau. Umeniuliza nikuambie ukweli: je, baba yako bado anaweza kukaa peke yake kwenye ile nyumba, au uje umchukue kabla ya baridi umpeleke huko, kwenye chumba ulichokwisha kumwandalia? Umesema utafuata neno langu, maana mimi ndiye ninayemwona. Mwanangu, umenipa kazi nzito. Neno langu likimng'oa mtu kwake, nitaulizwa na Mungu. Likimwacha, akaanguka bafuni hakuna wa kumwinua, nitaulizwa pia. Nimeliombea. Jibu lilikuwa halijanijia mpaka jana, na ili ulielewe lazima nianze mbali kidogo.

Tangu mama yako, dada yangu, atangulie mbele ya haki, baba yako alikuwa hatoki. Kila nikienda namkuta sebuleni, redio imezimwa, naye ameikabili kana kwamba inazungumza. Siku moja, joto lilipoanza, nikamkuta ameshika darubini ya mama yako anafuta vioo vyake kwa pindo la shati. Akasema bila kunitazama, "Shemeji, Jumamosi nakwenda bwawani. Unakuja au huji?"

Ningesema nini? Nikasema nakuja. Hapo ndipo Jumamosi zangu zilipofia.

Unamkumbuka mama yako na wazimu wake wa wanyama. Mwisho wa juma ukifika, wenzake wanakwenda kutembeleana, yeye anakwenda kulala kifudifudi kwenye majani amtazame chura. Baba yako alikuwa akimsindikiza mpaka kituo cha mwisho cha basi, anabaki pale kwenye benchi na gazeti usoni, anakoroma mpaka mkewe arudi. Sheria zake mama yako unazijua, maana na wewe alikuwa akikufinya ukizivunja: usiongee, usinyooshe kidole, usimsogelee mnyama hata kwa hatua moja. Ukishamwona, baki ulipo mpaka aondoke yeye. Wewe ulikuwa huwezi kunyamaza hata kwa dawa, ndiyo maana ukaitwa Chiriku.

Basi sheria hizo baba yako amezishika kama dini. Yule aliyekuwa akikoroma kwenye benchi! Tunashuka kituo cha mwisho, tunapita uwanja wa matairi chakavu, tunafuata kinjia kando ya uzio. Majani yamekauka yamekuwa rangi ya ganda la mkate, yanachoma vifundo. Kereng'ende wamejaa, wengine wekundu, wananing'inia hewani kama wamesahau walikokuwa wakienda. Tunatandika gunia la plastiki chini ya mti mdogo, tunakaa. Na kukaa ndiyo shughuli yenyewe. Hakuna kingine. Nimejifunza kulala macho wazi, mwanangu, na mgongo wima.

Baba yako haoni mbali sana, lakini masikio yake hayajaguswa. Miaka yote ile ya ufundi wa lifti alikuwa akiweka sikio ukutani anakuambia ni wapi pamelegea. Siku hizi anafanya hivyo hivyo njiani. Anasimama ghafla, kichwa upande, mkono juu. "Chura." Tunasubiri, kweli chura. "Sungura, kwenye majani yale." Sungura huyo anatoka, masikio mekundu kwa jua. Siku nyingine akasimama muda mrefu, nami nikabana pumzi, akasema, "Hapana. Ni tumbo lako, shemeji."

Ng'ambo ya maji, karibu na uzio wa watu wanaofuga samaki, ndipo tulipomwona korongo. Mrefu, wa kijivu, shingo imejikunja, amesimama pembezoni mwa matete. Baba yako alimpenda kuanzia siku ile ile. Alikuwa akinipa darubini na kuninong'oneza sikioni, "Mtazame. Hana papara. Hapotezi nguvu. Huyo ni mtu wa kazi." Nami namtazama, naona kweli hana papara.

Jumamosi iliyofuata alikuwepo, lakini amesogea, amesimama upande wa mfereji. Jumamosi nyingine yuko karibu na mti ulioanguka. Baba yako akawa anajua tabia zake. Joto likizidi anapenda kivuli. Upepo ukivuma anaupa kisogo. Katikati ya juma akawa ananipigia simu: "Sijui leo kasimama wapi yule bwana." Na hapa nataka unielewe, Chiriku. Alianza kunyoa ndevu. Ijumaa jioni anapiga pasi shati. Akaniomba nimwelekeze namna ya kuchemsha mayai ya kubeba. Nikapiga magoti nikamshukuru Mungu kwa ajili ya ndege yule.

Baba yako mdogo alikuwa akinicheka kila ninapotoka asubuhi. "Haya, kamchungeni ndege asiye na habari na nyinyi." Nikawa namjibu kwamba hata yeye wakati wa kunichumbia nilikuwa sina habari naye, na alisubiri.

Sasa jana. Jana nilikwenda kwa kujikaza kisabuni tu. Ijumaa tulikuwa tumefua mpaka jioni sana, na usiku mashavu ya miguu yalinikaza nikalia. Nikawaza nimwambie baba yako leo siwezi. Lakini nilipofika kwake alikuwa ameshavaa kofia, yuko mlangoni, mayai kwenye mfuko. Nikameza maneno yangu, tukaenda.

Korongo alikuwepo, amehamia mahali pengine kabisa, karibu nasi kuliko siku zote. Baba yako alifurahi mpaka akasahau kunipa darubini. Tukakaa. Mbayuwayu wameanza kujipanga kwenye nyaya za umeme kule juu, wengi, wanasukumana kama watu wa foleni, maana msimu wao wa kuondoka umekaribia. Nikawa nawatazama wao, nikisikia usingizi unanipanda.

Mara upande wa uzio akatokea mwanamke wa makamo, amevaa mabuti ya mpira, kitambaa kichwani. Akaingia majini mzima mzima, moja kwa moja kwa korongo. Baba yako akashika mkono wangu. "Atamkimbiza! Atamkimbiza huyu mama!"

Yule mama akamfikia korongo, akamkamata shingo, akamng'oa, akamweka kwapani kama mfuko wa sokoni. Kisha akatoa kitambaa mfukoni akaanza kumfuta mdomo.

Chiriku mwanangu, tulikaa. Mimi ndiye niliyesema mwanzo.

"Shemeji, korongo kabebwa."

"Naona."

"Ni wa plastiki."

"Nimesema naona."

Yule mama akatuona, akaja ukingoni huku korongo akiwa bado kwapani, miguu yake miwili ni vyuma vya kuchomeka kwenye tope. Akatuamkia vizuri, halafu akasema, "Kumbe ni nyinyi wazee wangu? Kila Jumamosi nawaona mmekaa pale na darubini mnatazama mabwawa yetu. Mume wangu alisema ni wakaguzi. Tumekaa roho mkononi kiangazi kizima!"

Nikamuuliza ndege huyo ni wa nini. Akasema ni wa kuwafukuza makorongo wa kweli wanaokula samaki. Wakiona pana mwenzao ameshapashika, wanapita. Lakini lazima ahamishwe mara kwa mara, maana akikaa mahali pamoja wanagundua. Akatutazama, akaona haya kwa niaba yetu. "Ndege wale wana akili," akasema, "wanagundua baada ya siku mbili tatu."

Hapo baba yako akapasuka. Sijui niseme alicheka au nini. Kilianza kama kikohozi, mabega yakaenda juu, kofia ikaanguka, akalala chali kwenye gunia analia machozi kwa kicheko. Nami nikashikwa. Yule mama naye, na mabuti yake, akacheka mpaka korongo akamponyoka. Kicheko kama kile sijakisikia kwa baba yako tangu mazishi. Na kabla ya mazishi sijui ni lini.

Nikamwambia, "Shemeji, tungesogea kidogo tu siku ya kwanza tungejua." Akafuta macho. "Mke wangu alisema tusisogee," akasema. Basi.

Kwa kuwa sheria ilikuwa imeshatuaibisha, akasema leo tufike majini. Nikamkataza, ukingo umekauka juu lakini chini ni tope. Hakunisikia. Alikuwa amesikia kitu kingine kwenye matete, kitu kinachochapa maji. Alipiga hatua ya pili tu, mguu ukazama, akaenda chini kwa kalio. Nikamkimbilia kumshika, nikaenda naye. Nilijaribu kumwinua, nikashindwa. Mikono hii inayoinua shuka mbichi siku nzima ilishindwa, mwanangu, na kwa muda nilidhani hapo ndipo jibu lako lilipo. Nilijisemea moyoni: huyu lazima achukuliwe, mimi siwezi.

Akaniambia, "Shh." Akatazama matete. Akaona fisi maji, mweusi, amelowa anang'aa, na mtoto wake nyuma. Hivyo ndivyo anavyoapa. Mimi sikumwona, nilikuwa natafuta kiatu changu kwenye tope. Yule mama wa mabuti akarudi akatuvuta mmoja mmoja. Goti la baba yako limechubuka, halijavunjika, nimeliosha kwa maji ya chumvi. Leo ibadani nimemwona anatembea, anachechemea kidogo, tena ananiuliza mimi naendeleaje.

Kwenye basi dereva alituambia tukalie magazeti. Tukakaa juu ya magazeti kama samaki. Hapo ndipo nilipomwambia baba yako kila kitu, kwamba umeandaa chumba na unasubiri neno langu. Nilidhani atakasirika. Alikwangua tope kwenye kofia yake vituo viwili vitatu.

Kisha akasema, "Chumba najua ni kizuri. Mtoto yule hafanyi kitu nusu nusu. Lakini mwambie mimi sijawa wa kubebwa kwapani."

Nikamuuliza, na ukianguka ndani peke yako? Akasema, "Nitaanguka. Hata kwake nitaanguka, atakuwa kazini." Halafu akasema jambo ambalo hajawahi kuniambia. Unajua kabati la mama yako, lile la chumbani. Mara nyingi nimemwomba anipe ufunguo nizipange nguo za dada yangu, nyingine ziwafae watu, nondo wasizimalize. Kila mara anasema bado. Jana akaniambia hawezi kuondoka kwenye nyumba ile wala kumpa mtu ufunguo mpaka wewe uje ufungue. Anasema hukumwona mama yako akiondoka, hukutupa udongo, basi walau hilo la nguo lisifanyike bila wewe. Analala sebuleni kwa sababu hiyo, Chiriku. Chumba anakutunzia.

Sasa nakujibu. Mimi nimechoka, mwanangu. Nimechoka mpaka nasikia mifupa ikisema. Uchovu huo ni wangu, wala usiutie kwenye hesabu ya baba yako. Ningekuandikia njoo umchukue, ningelala Jumamosi, na hakuna ambaye angenilaumu. Lakini ingekuwa uongo. Baba yako anapika, anafua, anajinyoa, anakumbuka siku, na jana amecheka. Masikio yake yanasikia panya chini ya majani. Mtu huyo hajafika pa kuhamishwa.

Na wewe nikuambie la kwako, kwa kuwa dada yangu hayupo wa kukuambia. Mazishi hukuyawahi kwa sababu hati zako za kusafiria zilikuwa hazijatoka. Hakuna anayekulaumu kwa hilo, hata mmoja. Lakini hati zilitoka, na kiangazi chote umezungumza habari ya baba kuja huko. Wewe kuja hapa hujazungumza. Nadhani unaogopa kuufungua mlango ule usisikie mtu akikuita jikoni. Hata mimi niliogopa. Mara ya kwanza nilisimama nje ya nyumba ile mpaka majirani wakaniuliza kama nimepotea.

Kwa hiyo neno langu ni hili. Usije kumchukua. Njoo tu. Njoo kabla mbayuwayu hawajaondoka, ukae naye hata siku chache, mfungue lile kabati wawili. Utalia, naye atalia, na nguo nyingine nondo wameshatangulia kuzila, mtazitupa. Kisha kama yeye mwenyewe atasema twende, mwende.

Baba yako mdogo anakusalimu sana, anasema ukija utuletee nyama ya korongo. Msamehe. Nyanya yako mzaa baba amepungua maumivu ya nyonga, anakuombea kila alfajiri. Binamu yako kinyozi anasema watoto wako wakija atawanyoa bure wote, hata wakilia. Baba yako sikumwambia leo naandika, kwa hiyo salamu zake sina, lakini nilipomuaga pale ibadani alikuwa akimweleza mtu habari ya fisi maji na mikono ameinyoosha hivi, na fisi maji ameshakuwa mkubwa kuliko jana.

Mwenyezi Mungu aliyekulinda ugenini miaka yote akufungulie njia, akulainishie moyo, akufikishe kwetu salama wewe na wanao. Amina.

Ukishajua siku ya kufika, nipigie. Nitakupokea kituoni, nikupikie, nikusindikize mpaka mlango wa baba yako. Halafu Jumamosi hiyo umfuate wewe bwawani, nami nijifunike shuka ambayo sikuikunja mimi, nilale mpaka mchana.

Ni mimi mama yako mdogo, nikupendaye hata nikiwa usingizini.